Sura ya Tano: Waya Juu ya Fyuzi

Mashine ilikuwa imelazwa juu ya gazeti katikati ya meza ya Inspekta, na chumba kizima kilinuka sponji iliyoungua. Zamani ilikuwa gemu ya mkononi, aina ile nene ya kijivu iliyotamba kabla ya simu za kugusa kuzaliwa, inayokula betri sita kwa mpigo. Nusu yake yenye kioo ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena kama nta. Nusu ya pili, yenye tundu la umeme, ilikuwa nyeusi lakini umbo lake lilibaki. Ilikuwa imeunguza godoro mpaka ikalitoboa, ikapita kati ya mbao za kitanda na kuangukia saruji, na huko chini moto haukuifuata.

"Hati iko tayari," alisema Koplo, akiweka jalada pembeni ya gazeti. "Kesho asubuhi Fundi anapanda kizimbani. Kusababisha kifo kwa uzembe. Inangoja sahihi yako tu, Afande."

"Ingoje."

"Wenye mtaa hawangoji. Wamekuja tena getini. Yule mjomba wa marehemu ana sauti, angefaa kuuza sumu ya panya sokoni."

Inspekta hakucheka. Alifungua jalada akasoma tena alichokwisha kukisoma jana. Marehemu alikuwa mwanamume mzima, mtaani wakimwita Kapteni, kwa sababu kabla ya kuanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akipiga lipu, yeye ndiye aliyeongoza timu yao ya mpira. Tangu aanguke, miguu haikumbeba tena. Alhamisi jioni chumba chake kiliwaka moto. Mama yake alikuwa uani akianua nguo, baba yake hakuwepo nyumbani. Majirani walivunja dirisha, lakini walimtoa akiwa ameshakata roho kwa moshi. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba gemu yake ilikuwa imetoka kwa Fundi wiki hiyo hiyo, na wengine hawakuuliza mara ya pili. Duka la Fundi lilivunjwavunjwa. Yeye mwenyewe aliokolewa na gari la polisi, shati likiwa limebaki mikono tu.

"Njoo uone," alisema Inspekta, akimpa Koplo lensi. "Unaona nini hapo karibu na tundu la umeme?"

"Waya wa shaba. Umepita juu ya fyuzi. Maabara wameandika hivyo hivyo: fyuzi imerukwa kwa waya, umeme ukazidi, bodi ikashika moto. Huo ndio uzembe wenyewe."

"Na fyuzi yenyewe?"

"Ipo, chini ya waya. Kichupa kidogo cha kioo. Imekatika."

"Fundi alisema nini kwenye maelezo yake?"

"Kwamba alikuta fyuzi imekatika, akaitoa, akaweka nyingine."

"Basi sikiliza. Kama Fundi anasema uongo, hii ni fyuzi ya tangu mashine ilipotoka kiwandani, na waya ni wake. Kama anasema kweli, hii ni ile aliyoiweka yeye, na ilikatika baada ya kutoka mikononi mwake. Hakuna fundi anayeweka fyuzi mpya halafu akairuka kwa waya. Itazame tena. Ina rangi yoyote?"

Koplo aliinama mpaka pua ikakaribia gazeti. Alitumia ncha ya sindano kusogeza waya kidogo. Pale waya ulipoikinga fyuzi, masizi hayakushika.

"Kuna kijani. Kama mkanda mwembamba."

"Usimtajie mtu rangi hiyo. Mlete Fundi."

Fundi aliletwa akiwa na uvimbe juu ya jicho, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vilivyounguaungua kwa risasi ya moto ya kuungia waya.

"Habari za huko ndani?" aliuliza Inspekta.

"Nimelazwa na wezi wa kuku, Afande. Mmoja ameshaniwekea oda ya simu yake nikitoka. Ukitoka wewe, ananiambia, maana yeye mwenyewe hatarajii kutoka." Alikaa. Macho yake yaliangukia gazeti, na mzaha ukamtoka usoni. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo. Usiiguse. Niambie ulivyoitengeneza, tangu mwanzo."

"Mzee aliileta, Baba Kapteni mwenyewe. Haiwaki kwa betri, haiwaki kwa chochote. Nikaifungua. Kwanza kapasita, zile pipa ndogo za kutuliza umeme. Zilikuwa zinavuja, zinanuka samaki, ni ugonjwa wa mashine za umri ule. Nikabadilisha. Swichi ilikuwa na kutu ya kijani, nikaisafisha kwa spiriti. Bado haiwaki. Nikapima fyuzi kwa mita, kimya. Nikaitoa, nikaweka nyingine. Ikaamka, ikapiga ule wimbo wake. Nakwambia, Afande, nilicheza dakika kadhaa kabla ya kuifunga. Nilimfunga adui magoli manne."

"Fyuzi hiyo uliinunua wapi?"

"Hazinunuliki siku hizi. Ninayo mashine nyingine ya aina hiyo, mfu, ya vipuri. Ina fyuzi mbili. Nikanyofoa moja."

"Ilikuwaje, hiyo uliyonyofoa?"

"Ilikuwaje vipi? Fyuzi ni fyuzi. Kioo, vifuniko viwili, miguu miwili." Alifikiri. "Ina mkanda wa kijani. Ile ya kwanza, iliyokatika, haikuwa na mkanda. Toleo tofauti. Ile mwenzake bado iko kwenye mashine mfu, nenda kaone, kama majirani zangu hawajaigawana."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akitazama kalamu yake.

"Na hizi je?" Koplo alisukuma picha mezani. Ilionyesha boksi la karatasi lililojaa adapta zilizosokotana nyaya. "Tumezikuta chini ya meza yako. Kwenye chumba cha marehemu tumekuta vipande vya adapta ndani ya soketi. Ulimuuzia wewe?"

"Nimuuzie adapta ya mashine ile? Ili nini, nimuue?" Neno lile lilimponyoka, akalimeza. "Hizo ni za kutupwa, dada'angu. Nakata waya zake. Mashine ile ni kaidi. Adapta za kawaida zina chanya katikati ya ncha, hasi nje. Yenyewe inataka hasi katikati. Ukichomeka ya kawaida, umeme unaingia kinyumenyume. Ndiyo maana fyuzi ikawekwa pale, inakatika yenyewe na mashine inapona. Nilimuuliza Mzee, nani kachomeka adapta? Maana fyuzi haikatiki kwa kuota ndoto mbaya. Akasema nyumbani kwao hakuna adapta ya mashine ile, ilipotea zamani. Nikamwambia basi, betri tu, Mzee. Betri tu mpaka kiama."

"Alikusikia?"

"Mzee yule hana maneno. Aliitikia kwa kichwa."

Inspekta aligeuza gazeti taratibu, akamsogezea lensi. "Huo waya, umeuweka wewe?"

Fundi alichungulia. Alichungulia muda mrefu, na aliponyanyua uso alikuwa amekasirika, kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Huo si mkono wangu. Mimi nikiunga, nachomelea risasi. Huyu hakuchomelea. Amezungusha waya kwenye miguu ya fyuzi, mara mbili kila upande, halafu mkia ameukunja ndani. Kama anayefunga mdomo wa gunia. Nani anafunga waya hivi siku hizi?"

"Jumanne mpaka Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Kumuuguza shangazi yangu. Duka nilifunga. Narudi Ijumaa asubuhi, hata mfuko sijatua, nawakuta." Aligusa uvimbe wake. "Kapteni nimecheza naye, Afande. Yeye kiungo, mimi beki. Nilipokuwa nakosea, wote walikuwa wananizomea ila yeye. Ile kazi sikutaka hata malipo yake. Leo watoto wangu wanaambiwa shuleni baba yenu kamchoma Kapteni. Mnaweza kunifunga. Lakini neno hilo nani atalitoa midomoni mwa watu?"

Inspekta alimwita askari amrudishe ndani, na kabla mlango haujafungwa akamwambia askari amtafutie Fundi shati.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na bati lenyewe sasa lilining'inia kwa bawaba moja. Ndani, redio na runinga zilikuwa zimelala kifudifudi juu ya vioo. Koplo alipekua akiwa amepiga magoti. Alikuta pasi ya umeme, nusu ya spika, kalenda ya zamani, na chini ya rafu iliyoanguka, mashine nene ya kijivu isiyo na mgongo.

"Afande."

Waliipeleka mlangoni penye mwanga. Bodi yake ilikuwa wazi. Kando ya tundu la umeme palikuwa na vitobo viwili vitupu, vimesafishwa, risasi iking'aa pembeni yake. Sentimeta chache kutoka hapo fyuzi ya pili ilisimama mahali pake. Mkanda wake ulikuwa wa kijani.

"Basi Fundi amesema kweli," alisema Koplo.

"Fyuzi imesema. Ipige picha, halafu uitie kwenye mfuko."

Mshonaji wa chumba cha jirani alikuwa amesimamisha cherehani ili asikie vizuri. Inspekta alimwendea.

"Mama, katika siku ambazo Fundi hakuwepo, kuna mteja yeyote alikuja kumuulizia?"

"Wateja wake hawanipiti mimi, baba. Mimi ndiye mlinzi asiye na mshahara." Alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mto mdogo kifuani. "Alikuja mwenye mkaa kuulizia redio yake. Na Jumatano akaja Baba Kapteni, maskini, mfuko mkononi."

"Jumatano? Una hakika?"

"Jumatano ndiyo siku yangu ya sare za shule, nilikuwa nimezama kwenye kaptula. Nikamwambia Fundi amesafiri. Hakuondoka. Alisimama pale mbele ya kufuli, kama anangoja mlango uone haya ufunguke wenyewe. Nikamuuliza kuna nini, Baba Kapteni? Akasema imekufa tena, na kijana hajalala. Basi. Akaenda zake."

"Haya umemwambia nani?"

"Nani aliniuliza? Wao walikuja na mawe, hawakuja na maswali."

Ndani ya gari Koplo alifungua jalada juu ya magoti. "Kwenye maelezo yake Mzee anasema mashine ilifanya kazi vizuri tangu ilipotoka kwa Fundi mpaka siku ya moto. Hakutaja Jumatano." Alifunga jalada. "Mzee alifanya kazi gani kabla ya kustaafu?"

"Fundi umeme wa kiwanda cha nguo," alisema Inspekta, akawasha gari.

Nyumba ilikuwa na baraza fupi, na viti vya kuazima vilikuwa bado vimepangwa ukutani, vikingoja wenyewe. Chumba cha pembeni hakikuwa na dirisha tena, mahali pake palizibwa kwa turubai. Baba wa marehemu alikuwa ameketi barazani, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mzee," alisema Koplo.

"Marahaba, binti. Karibuni. Mama Kapteni! Wageni."

Mama alitoka na bilauri mbili za maji. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeinama ghafla, kama mti uliopigwa na upepo wa usiku mmoja. Aliwapa maji kwa mikono miwili.

"Mmemaliza na yule mtu?" aliuliza. "Mmeshamfunga?"

"Bado, mama," alisema Inspekta. "Tunauliza uliza."

"Ulizeni. Mimi nina nguo za mwanangu naloweka. Moshi hautoki." Akarudi uani, na sauti ya maji kwenye beseni ikasikika.

Inspekta aliomba kuona ndani. Sebuleni palikuwa na runinga juu ya kabati, na kando yake king'amuzi chenye vumbi. Aliinama nyuma ya kabati. Waya wa antena ulikuwepo. Wa umeme haukuwepo. Alitoa kutoka mfukoni kipande cha karatasi kilichounguzwa kingo, kilichotolewa kwenye adapta ya chumbani, akakilinganisha na chapa iliyokuwa mgongoni mwa king'amuzi. Zilikuwa moja. Alikirudisha mfukoni.

Kisha alirudi barazani, kwenye boksi la umeme lililokuwa juu ya mlango.

"Mzee, naomba nifungue."

"Fungua. Nililifunga mwenyewe, boksi hilo. Mafundi wa leo wanaweka vile vya plastiki. Mimi nataka kauri, kitu ninachokijua."

Inspekta alichomoa fyuzi moja ya kauri nyeupe, akaileta mwangani. Ndani yake uzi wa shaba ulipita kutoka skrubu moja hadi nyingine. Ulikuwa umezungushwa mara mbili kila upande, na mkia umekunjwa ndani. Koplo aliuona, akageuza uso kutazama barabara.

Inspekta alivuta kiti, akaketi karibu na mzee. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Baba, Jumatano ulikwenda kwa Fundi."

Mzee hakushtuka. Alivuta kofia yake. "Nilikwenda. Palifungwa."

"Hukutuambia."

"Hamkuniuliza Jumatano. Mliniuliza Alhamisi."

"Ulirudi nyumbani na mashine iliyokufa. Ukafanya nini?"

"Nikafanya kazi yangu." Alionyesha mikono yake, kubwa, yenye kucha nene. "Miaka yangu yote kiwandani, fyuzi ikikatika naweka uzi, mtambo unaendelea. Usiku, mchana, bosi yuko, bosi hayuko. Nikafungua, nikaona kijichupa kimekatika. Sina kingine cha namna hiyo, dukani hakipo. Nikachukua uzi mmoja wa waya, nikapitisha. Nikatia betri. Ikawaka! Kijana akacheza jioni yote, mpaka akalala nayo kifuani. Unajua usiku wake ulivyokuwa, Afande? Miguu haisikii kitu, lakini usiku inamuuma. Ile mashine ndiyo ilikuwa inamsahaulisha. Niliinunua kwa pesa za zamu ya ziada, yeye yuko darasa la nne."

"Na moto ulipotokea?"

"Nikajua Fundi kaharibu kitu huko ndani. Zile kapasita zake. Waya wangu hauna kosa. Waya unapitisha umeme tu."

"Baba," alisema Inspekta, "wewe umefundisha vijana wangapi kule kiwandani?"

"Wengi."

"Siku ya kwanza ulikuwa unawaambia fyuzi ni ya kazi gani?"

Uani beseni lilimwagwa, maji yakapita mferejini.

"Nilikuwa nawaambia," alisema polepole, "fyuzi inakufa ili nyumba isife."

"Na uzi wa fyuzi wa ampea sita, wa kumi, wa thelathini?"

"Kila mzigo na uzi wake." Aliitazama ile kauri nyeupe. "Ule nilioweka ulikuwa wa thelathini. Ndio niliokuwa nao. Lakini kwa betri, Afande! Betri sita ndogo haziwezi kuunguza kitu. Nililifikiria hilo. Usidhani sikulifikiria. Betri tu, Fundi aliniambia."

"Haikuwa kwa betri." Inspekta alikitoa kile kipande cha karatasi, akakiweka juu ya goti la mzee. "Adapta ya king'amuzi ilikuwa ndani ya soketi ya chumbani. Chanya yake iko katikati. Umeme uliingia kinyumenyume, na palipokuwa pa fyuzi pana uzi wa thelathini."

Mzee alikitazama kipande kile. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea mlango wa sebule, penye runinga, kisha kuelekea uani, ambako mke wake alikuwa akikamua nguo. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na mmoja wao hakuweza kutembea.

"Nilichomeka mimi," alisema.

"Baba."

"Andika. Nilichomeka mimi, kabla sijatoka."

"Ulitoka mapema alasiri. Kinyozi na wateja wake wawili wameeleza. Majirani walikufuata pale, ukakimbia na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa haijanyolewa." Inspekta alitazama ile kofia ya sufu, kisha akaacha kuitazama. "Ungeichomeka wewe, gemu ingeshika moto mapema, si jua likishuka."

"Kinyozi mzee, anasahau."

"Anakumbuka."

"Basi aandike yeye!" Mzee alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu ambayo Inspekta hakuitegemea. "Sikiliza, mwanangu. Mnataka mtu wa kumshtaki, mnaye. Uzi ni wangu, nitausema mbele ya hakimu na mbele ya mtaa mzima, Fundi atoke aende kwa watoto wake. Lakini yule aliyeko uani amemlisha mtu mzima kwa kijiko. Amemgeuza kitandani kila usiku asipate vidonda. Mwache abaki na hilo."

Koplo alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Hakuandika.

"Niandike nini, Afande?"

"Andika kuhusu uzi," alisema Inspekta. "Kwamba ameuweka yeye, Jumatano, baada ya kukuta duka limefungwa. Kwamba amekiri kwa hiari yake. Swali la adapta sijamuuliza mtu yeyote katika nyumba hii."

Mzee alitia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kisha akainama kuvaa viatu. Alikuwa bado na kimoja mkononi wakati Mama alipotokea mlangoni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Unakwenda wapi, Baba Kapteni?"

"Kituoni. Nakwenda kumtoa Fundi."

"Kumtoa?" Alimtazama mumewe, akamtazama Inspekta. "Kumtoa yule aliyemuua mwanangu?"

"Si yeye. Ni mimi." Alisema akiwa ameinamia kiatu. "Ilipokufa tena sikumngoja Fundi. Nilitia waya ambao haukutakiwa. Waya ule ndio uliowasha moto. Watu wamempiga bure."

Mama alijifuta mikono kwenye khanga, upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha tena ule wa kwanza.

"Jumanne nilipoichomeka ikazima," alisema. "Na Alhamisi, betri zilipoisha, nikaichomeka tena, haikuwaka. Nikamwambia, mbona nyeusi? Akasema, iache mama, ina njaa kama simu, ikishiba itaamka. Nikamfunika shuka, yeye na mashine yake, nikaenda kuanua nguo." Alisogea hatua moja kwa Inspekta. "Ile adapta niliitoa kwenye king'amuzi. Ilikuwa na neno, ile adapta?"

"Haikuwa na neno," alisema Mzee haraka. "Umeme ni kazi yangu. Adapta haikuwa na neno."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza Afande."

Barabarani pikipiki ilipita, mlio wake ukafifia mpaka ukaisha. Inspekta alisimama. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amewaambia watu habari za kila namna, milangoni, hospitalini, kando ya mitaro. Alimtazama yule mama machoni, kama anavyomtazama hakimu akiwa kizimbani.

"Haikuwa na neno, mama," alisema. "Waya wa mzee ungekuwa sawasawa, gemu ingezima tu."

Maneno ya mwisho yalikuwa kweli tupu, na aliyasema kwa sauti ile ile.

Mama alishusha pumzi ndefu. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mume wake, akachukua kile kiatu mkononi mwake, kwa sababu kamba ilikuwa imemshinda mzee. Aliifunga mwenyewe, taratibu, akakaza fundo.

"Ulitaka acheze tu," alimwambia.

Mzee alimwekea mkono begani, akauacha hapo, mpaka Koplo alipokwenda kufungua mlango wa gari na kurudi, na kwenda tena kusimama kando ya gari bila ya kumwita mzee.